Nyumba Iko Babati, Mnunuzi Yuko Shambani

Kwenye kuta za miji ya Tanzania kuna tangazo moja la nyumba linaloonekana kuliko mengine yote, nalo halimtafuti mnunuzi. Linamfukuza. "NYUMBA HII HAIUZWI. OGOPA MATAPELI." Limeandikwa kwa brashi na rangi nyekundu, herufi zikianza kubwa karibu na mlango na kubanana zikifika dirishani kwa sababu aliyeandika hakupima ukuta. Chini yake huwekwa namba ya simu, pengine na namba ya kesi.

Mwenye nyumba halali anayetaka kuuza huingia sokoni akiwa amebeba mzigo wa kuta hizo. Kila anayekuja kutazama ameshasikia habari ya mtu aliyelipa mamilioni kwa mpangaji aliyejifanya mwenye mali, au kwa mrithi mmoja kati ya saba, au kwa mume aliyeuza nyumba mkewe akiwa kwao msibani. Soko likichangamka, mnunuzi huimeza hofu hiyo kwa kuogopa kuwahiwa. Likipoa, hana wa kumuwahi. Anakunywa soda ya wenyeji, anausifia upepo wa Ziwa Babati, anaaga vizuri, na kuanzia kesho hapokei simu.

Ndivyo nyumba inavyododa.

Babati ina kila sababu ya nyumba kuuzika. Tangu Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, mji huu ulio chini ya Mlima Kwaraa umekuwa makao makuu ya mkoa, na cheo hicho kilileta ofisi, watumishi na haja ya paa. Julai 2018 barabara ya lami ya kilometa 251 kutoka Dodoma ilizinduliwa pale Bonga, nje kidogo ya mji, na Rais John Magufuli akiwa na Akinwumi Adesina wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Sasa mabasi ya Arusha, ya Dodoma na ya Singida yote hukutana hapa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,425,131 mkoani. Ya 2022 ikahesabu 1,892,502. Hata mechi za Ligi Kuu zimechezwa katika Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, na siku ya mechi vyumba vya kulala wageni huwa vya kugombea.

Lakini anayegombea chumba cha usiku mmoja hanunui nyumba, na mtumishi anayehamishwa kila baada ya miaka michache hupanga. Anayenunua ni mwingine, na kosa la kwanza la wauzaji wengi ni kutojiuliza fedha yake inatoka wapi.

Haitoki benki. Tanzania ina kampuni ya kuziwezesha benki kutoa mikopo ya nyumba, TMRC, iliyoanzishwa mwaka 2010, lakini mikopo yote ya aina hiyo nchini bado huhesabiwa kwa maelfu machache, na mingi iko Dar es Salaam. Riba zimekuwa zikizunguka kwenye asilimia 15, wakati mwingine juu zaidi. Kwa hiyo nyumba ya Babati hununuliwa kwa fedha taslimu, tena mara moja au kwa mafungu mawili matatu. Mtu mwenye makumi ya mamilioni mkononi kwa wakati mmoja, katika mji wa wakulima, huwa amevuna, amestaafu au amefanya biashara ya alichovuna mwenzake.

Mavuno ya hapa ni mahindi, maharage, alizeti, vitunguu saumu vya upande wa Mbulu, na zao lililowafundisha watu wa Babati uchumi wa dunia bila kuwapeleka chuo: mbaazi. Mbaazi za Babati haziliwi Babati sana. Zinakwenda India. Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingizwa kwa mwaka, na bei, ambayo misimu michache nyuma ilikuwa imepita shilingi 2,000 kwa kilo, ikaporomoka hadi chini ya 500. Magunia yalibaki stoo. Ulikuwa wakati uleule ambao nchi nzima ilikuwa ikisema vyuma vimekaza. Aliyekuwa na nyumba ya kuuza Babati mwaka ule angeweza kuipaka rangi ya dhahabu na bado asingempata mnunuzi, kwa sababu mnunuzi wake alikuwa amekaa juu ya magunia ya mbaazi akisubiri New Delhi ibadili mawazo.

Mstaafu naye hana fungu lile la zamani. Kanuni mpya ya mafao, maarufu kwa jina la kikokotoo, ilipoanza Julai 2022, malipo ya mkupuo yakawa asilimia 33 kwa watumishi ambao awali walizoea kupata asilimia 50. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kuwapandishia hadi 40. Pensheni ya kila mwezi ikaongezeka, sawa, lakini nyumba hainunuliwi kwa pensheni ya mwezi. Madalali wanaijua hesabu hii kuliko wanavyokiri mbele ya mwenye nyumba.

Wapo pia watu wa machimbo ya Mirerani. Juni 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.103, kwa shilingi bilioni 7.74, na tangu siku hiyo kila dalali wa Manyara ana mteja wake wa kufikirika kutoka machimboni, ambaye "yuko njiani anakuja". Mirerani iko mkoani Manyara, ndiyo, lakini ni jirani zaidi wa Arusha kuliko wa Babati, na fedha ya madini hufuata barabara fupi.

Tuchukue nyumba moja ya mfano. Ni ya mwalimu mstaafu, upande wa Maisaka: vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko, stoo, choo cha pamoja ndani, fensi ya tofali bila geti la maana. Mwalimu anataka kuhamia kwa binti yake Arusha. Ameitaja kwa shilingi milioni 60 kwa sababu jirani aliuza kwa 55 na yake ina jipsamu. Ni miezi minane sasa.

Dalali wa kwanza alikuja asubuhi na bodaboda, akavua kofia.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, kijana. Umeleta mtu?"

"Mtu yupo, Mwalimu. Bei ya mwisho ngapi?"

Hapo ndipo mambo huanza kuharibika. Mwalimu akijibu "hamsini na tano", dalali ataondoka na 55 kichwani na 62 mdomoni, hiyo saba ikiwa ni cha juu chake. Dalali wa pili, aliyeambiwa 60, ataitangaza kwa 65. Wa tatu ataiweka kwenye kundi la WhatsApp kwa 58 ili awawahi wenzake. Mnunuzi mmoja, ndani ya wiki moja, anaiona nyumba ileile kwa bei tatu, na picha zilezile zenye kivuli cha mpiga picha ukutani. Hafikirii kwamba amepata nafasi ya kuchagua. Anafikiri pana utapeli. Katika soko lenye haraka vurugu hiyo husahaulika kwa sababu nyumba inaondoka. Katika soko lililolala inabaki kwenye simu za watu miezi na miezi, ikizeeka.

Udalali wa nyumba kwa miaka mingi umeendeshwa nchini bila sheria yake mahususi, kwa hiyo anayeweka utaratibu ni mwenye nyumba. Dalali mmoja, au wawili wanaofahamiana. Bei moja kwa wote. Malipo yaliyoandikwa, iwe asilimia 5 au kiasi kamili, na maneno bayana kwamba hakuna cha juu. Madalali wengine watanuna. Anayenuna kwa sababu amekatazwa kuongeza bei kisirisiri ametoa taarifa muhimu kuhusu yeye mwenyewe, tena bure.

Kisha kuna lugha ya tangazo. Wauzaji wa Kitanzania wana maneno mawili wanayoyapenda na yote mawili yanawaumiza. La kwanza ni "inauzwa haraka, mwenyewe ana shida". Mwandishi wake huona amemvutia mnunuzi. Mnunuzi husoma kwamba akisubiri mwezi mmoja zaidi shida itazidi na bei itashuka. La pili ni "maongezi yapo". Hilo ni sawa na kumwambia mtu kwamba namba uliyoandika juu yake usiiamini. Kila mtu Babati anajua kwamba maongezi yapo, hata kwenye nyanya yapo. Hakuna haja ya kuyatangaza.

Kinachokosekana kwenye matangazo hayo ni kile ambacho mnunuzi wa taslimu, mwenye fedha ya msimu mmoja ambayo hataipata tena kirahisi, anakitaka kwanza: karatasi. Kiwanja kimepimwa? Bikoni zipo na zinaonekana? Hati ipo, ya miaka mingapi, kwa jina la nani? Kodi ya pango la ardhi imelipwa hadi lini? Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 humpa mtu haki ya kuimiliki kwa muda, miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo hata hati ina umri wake, na mnunuzi makini huuliza miaka iliyobaki.

Zamani jibu la maswali hayo lilikuwa safari. Usajili wa hati kwa watu wa Manyara ulifuatwa ofisi ya kanda, Moshi, na muuzaji aliyepoteza siku mbili na nauli kwa ajili ya muhuri mmoja alikuwa na udhuru wa kutokuwa tayari. Mwaka 2020 Wizara ya Ardhi ilifungua ofisi katika kila mkoa, na udhuru huo ukaisha. Upekuzi rasmi wa hati unafanyika hapohapo Babati. Muuzaji mwenye akili hangoji mnunuzi aombe upekuzi. Anaufanya yeye, analipia ada yake, na nakala anaiweka kwenye bahasha moja na risiti za pango la ardhi, mkataba alionunulia kiwanja na ramani ya nyumba kama ipo. Bahasha hiyo inauza kuliko rangi mpya.

Bahasha iwe pia na karatasi moja ambayo wanaume wengi huisahau kwa makusudi: ridhaa ya mke. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakimruhusu mwenzi mmoja kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja tu. Katika mfano wetu, Mama, mke wa Mwalimu, ndiye atakayemaliza hofu ya mnunuzi kwa kukaa sebuleni siku ya kuonesha nyumba, akaeleza mwenyewe maji yanatoka siku gani na jirani wa kushoto ni mtu wa namna gani. Nyumba anayoionesha mume peke yake, huku mke "amesafiri", mnunuzi wa siku hizi haigusi. Na kama nyumba ni ya urithi, kazi ya kuinadi huanzia mahakamani, kwa msimamizi wa mirathi kuteuliwa na warithi kusaini, kabla ya kumpigia dalali yeyote.

Picha nazo zina mambo yake. Picha ya kawaida ya nyumba ya Babati kwenye status ya WhatsApp imepigwa saa saba mchana kwa simu iliyosimamishwa wima: bati linameta, ukuta mweusi, nguo za mpangaji kwenye kamba, kuku wawili. Asubuhi ya saa mbili, jua likiwa limeshapanda juu ya Kwaraa, nyumba hiyohiyo huonekana ya mtu mwingine. Kamba ya nguo ishushwe. Ndoo zitoke bafuni. Pazia lifunguliwe, na picha ya kwanza iwe ya barabara inayofika getini, kwa sababu mtu wa hapa akiona nyumba nzuri bila barabara hujua kwamba Aprili gari lake litalala kwa jirani.

Na kuhusu Aprili: wauzaji hukwepa kuonesha nyumba wakati wa masika, na kwa nyumba nzuri hilo ni kosa. Ziwa Babati halina mto wa kudumu wa kutolea maji. Mvua zikizidi, linapanda. Mwaka 1990 lilifurika hadi mjini, na wazee bado huonyesha kwa fimbo maji yalikofika. Mnunuzi mgeni hajui, lakini ataambiwa na mtu wa kwanza atakayemuuliza kijiweni. Kama nyumba iko juu, muite siku ya mvua, akanyage mwenyewe sakafu kavu. Kama iko chini karibu na ziwa, mwambie mapema, pamoja na habari ya viboko wanaotoka usiku kula majani na wakati mwingine mchicha wa watu. Ataipunguza bei kidogo. Asipoambiwa na akaja kujua mwenyewe, hatapunguza, ataondoka.

Tangazo liende wapi? Intaneti inafikisha picha kwa mtoto wa Babati aliyeko Dar es Salaam au ughaibuni, na huyo ni mnunuzi wa kweli, hasa anayetaka mahali pa kumuweka mama yake. Ila mwenye fedha ya mbaazi hana muda wa kupekua mitandao. Yeye husikia redio za hapa mjini wakati wa habari za bei ya mazao, hukutana na wenzake kwenye minada, na huamini neno la mwenye duka la pembejeo kuliko la dalali. Karatasi moja iliyochapwa vizuri, yenye picha mbili, bei na maneno "hati ipo, upekuzi umefanyika", ikibandikwa dukani kwa huyo bwana, hufanya kazi ambayo makundi kumi ya WhatsApp hayaiwezi.

Ibandikwe lini? Hapo ndipo Mwalimu alipokosea zaidi. Alianza kuuza Desemba. Desemba fedha ya Babati iko ardhini, imekuwa mbegu na mbolea, na inayobaki inangoja ada za Januari. Mahindi huanza kuingiza fedha kuanzia katikati ya mwaka, mbaazi zikafuata Agosti hadi Oktoba. Nyumba iliyoanza kutangazwa Desemba hufika Agosti ikiwa imechoka: kila dalali ameshaizungusha, kila mtu ameshauliza "ile bado ipo?" na swali hilo lina sumu. Angeipumzisha Februari, akatengeneza geti na kukusanya karatasi, akairudisha Julai kwa bei moja na picha mpya, ingekuwa nyumba mpya kwa watu wenye fedha mpya.

Wapo wasioweza kungoja msimu, na kwao kuna njia ambayo wasomi wa masoko huidharau na watu wa kawaida huitumia kila siku: kubadilishana. Nyumba kwa shamba na nyongeza ya fedha, nyumba kwa gari la mizigo, kiwanja kwa ng'ombe. Mwaka 2022, soko la nyumba la China lilipokwama, kampuni ya Central China Real Estate katika jimbo la Henan ilitangaza kupokea ngano ya wakulima kama malipo ya awali ya nyumba, kwa yuan 2 kila nusu kilo, bei iliyo juu ya soko. Katika Kaunti ya Qi, ambako wanalima vitunguu saumu, ikapokea vitunguu saumu. Watu wa dunia walicheka. Mkulima wa Mbulu asingecheka. Angeuliza tu bei ya nusu kilo.

Kubadilishana kuna sharti moja, kwamba kila kitu kithaminiwe kwa shilingi na kiandikwe kwenye mkataba mbele ya mwanasheria. Hilo ndilo sharti la kuuza kwa mafungu pia. Mwalimu akikubali nusu sasa na nusu baada ya mavuno, hati inabaki kwake hadi shilingi ya mwisho, na mkataba useme wazi mvua zisiponyesha itakuwaje. Babati wanajua kwamba mvua huweza kutonyesha.

Halafu kodi, ambayo hukumbukwa siku ya kusaini na kuvunja biashara zilizokuwa zimeiva. Mkazi anayeuza nyumba akiwa na kumbukumbu za gharama hulipa TRA asilimia 10 ya faida, yaani bei aliyouzia ukitoa gharama alizotumia kununua na kujenga. Ukiiuza kwa 60 na una ushahidi wa gharama za milioni 35, faida ni 25 na kodi ni milioni 2.5. Aliyeimiliki na kuishi ndani yake miaka mitatu au zaidi husamehewa, ilimradi faida isizidi milioni 15, na kwa kuwa ya Mwalimu imezidi, hasamehewi. Gharama huthibitishwa kwa risiti za nondo, bati na saruji, na asiye na kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa. Mwalimu hakutunza zake. Zilichukuliwa na wajukuu, wakachorea magari.

Ushuru wa stempu, kama asilimia 1 ya thamani, kwa kawaida hubebwa na mnunuzi, lakini nani anabeba nini lisemwe siku ya kwanza, pamoja na deni lolote la mamlaka ya maji, BAWASA. Kodi ya jengo angalau haileti ugomvi: tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba isiyo ya ghorofa, kwa hiyo kila aliyewasha taa ameshalipa.

Tukirudi Maisaka, Agosti imeingia. Malori yenye magunia yanapita kuelekea maghalani, na bodaboda imesimama nje ya fensi. Dalali ni yuleyule, safari hii amekuja na mzee wa Kirangi aliyevaa koti na mkewe mwenye mkoba uliofungwa vizuri. Mwalimu ameshaambiwa asitaje bei ya mwisho, ipo moja. Mzee amezunguka nyumba mara mbili bila kusema neno, akagonga ukuta wa stoo kwa kidole, akainama kuitafuta bikoni ya kona ya nyuma, akaipata chini ya majani. Mkewe yuko ndani na Mama, wanafungua na kufunga bomba la jikoni. Mzee amerudi barazani, amekaa, amekataa soda, ameomba maji ya kawaida.

"Mwalimu," amesema, "hiyo bahasha naweza kuiona?"